Tumbaku ya mapambo: usiiweke karibu na nyanya

Vijana wengi mmeniuliza kuhusu tumbaku ya mapambo, ile yenye maua meupe au mekundu yanayonukia jioni. Mmesikia kwamba ukiichanganya na mboga inanasa wadudu. Ni kweli, inanasa. Majani na shina lake vina vinyweleo vyenye gundi. Vidukari na inzi weupe wakitua, baadhi hawatoki tena. Shida ni kwamba hata nyigu wadogo wanaotusaidia kuua wadudu wananasa humohumo.

Lakini kwa mkulima wa biashara swali kubwa ni hili: unaipanda jirani na zao gani?

Mmea huu ni ndugu wa tumbaku inayolimwa Tabora na Urambo, na ukoo wao ndio wa nyanya, hoho, pilipili, bilinganya na viazi mviringo. Wanashirikiana magonjwa. Virusi vya batobato ya tumbaku havisubiri mdudu, vinasafiri kwa mikono, kisu na nguo. Ukishika mmea mgonjwa, halafu ukaenda kupunguza machipukizi ya nyanya, umevisambaza mstari mzima wewe mwenyewe. Utaona majani yana mabaka ya kijani kibichi na kijani mpauko, mengine yamejikunja. Hapo hakuna dawa, ni kung'oa. Virusi hivi vinakaa hata kwenye tumbaku kavu, ndiyo maana mvuta sigara lazima anawe kwa sabuni kabla ya kuingia kitalu nyumba. Sasa fikiria mtu aliyepanda tumbaku yenyewe humo ndani!

Kama nyanya ndiyo mtaji wako, achana nayo. Tumia marigodi, ambayo si ya ukoo huu na husaidia kupunguza minyoo fundo ikitangulia kupandwa eneo lile.

Unalima kabichi au vitunguu na bado unaitaka? Sawa, jaribu michache pembezoni. Mbegu ni ndogo kama vumbi: zinyunyize juu ya udongo laini, usizifukie, maana zinahitaji mwanga ili ziote. Mwagilia kwa ukungu mwembamba. Miche ikiimarika, hamisha kwa nafasi ya sm 30 hadi 45. Aina ndefu hufika mita 1.5, kwa hiyo angalia isitie mboga kivuli.

Kisha kila wiki geuza majani uangalie chini. Mmea uliojaa wadudu ng'oa, funga kwenye mfuko, kauteketeze. Ukiuacha, wanazaliana hapo na kuhamia kwenye mboga. Kata maua kabla hayajatoa mbegu.

Majani yana sumu, mbuzi na watoto wasiyafikie. Na wale mnaochemsha tumbaku mkanyunyizie mboga, acheni: nikotini inapita kwenye ngozi yako wewe unayepuliza.