Usiing'oe Themostati Kabla Hujaichemsha

Gari likianza kuchemsha, fundi wengi watakwambia: "Ng'oa themostati, tupa." Mimi nasema subiri kwanza.

Themostati ni vali ndogo kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, inafunga ili maji yazunguke ndani tu na joto lipande haraka. Maji yakifika nyuzi 82 hivi (nyingine ni za 88), inaanza kufunguka yaende kwenye rejeta. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta na kuchakaa mapema. Na kama rejeta imeziba au feni imekufa, hujatibu kitu.

Jaribio nalolipenda: injini ikishapoa kabisa, itoe, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, tumbukiza kipimajoto, washa jiko. Kwa kawaida nyuzi zake zimegongwa juu yake. Ikianza kufunguka karibu na hapo ni nzima. Irudishe, tafuta ugonjwa kwingine. Maji yakichemka bado imefunga, nunua nyingine ya nyuzi zilezile.

Ila mfuniko wa rejeta ya moto usiufungue, jamani. Presha ile itakurushia maji usoni.