Tundu la Ndege na Hatari Zake

Ndege aliye huru anayo kinga iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni mbawa zake. Akiona nyoka, huruka. Jua likimzidi, hutafuta kivuli. Moshi ukitanda, huhama. Ndege aliye tunduni amenyang'anywa kinga hiyo. Kwa hiyo mfugaji hana budi kuiondoa hatari kabla haijafika, maana ndege mwenyewe hawezi kuikimbia. Makala haya yanaeleza hatari nne za tundu na sababu zake kisayansi, kwa kuzingatia mazingira ya mkoa wa Songwe.

1. Hewa chafu

Mji wa Tunduma uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Aghalabu tundu nalo husogezwa karibu na jiko ili ndege apate joto. Hapo ndipo penye hatari. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuupelekea mwili oksijeni.

Mbona ndege hudhurika kabla ya mtu? Mapafu yake hayapanuki na kusinyaa kama yetu. Mwilini mwake mna vifuko vya hewa vinavyoisukuma hewa ipite mapafuni kwa upande mmoja, anapovuta pumzi na anapoitoa pia. Mpango huo humpatia oksijeni nyingi ya kurukia, lakini huingiza sumu kwa wepesi ule ule.

Katika miaka ya 1890 mwanasayansi John Scott Haldane wa Uingereza alipendekeza wachimbaji wa makaa ya mawe waingie mgodini na wanyama wadogo ili wawape onyo. Ndege aitwaye kanari, wa jamii ya chiriku, alitumika huko hadi mwaka 1986. Alipoanguka kutoka kijitini, wachimbaji walijua kuwa wakati wa kutoka umefika. Basi ndege akianguka ghafla chumbani mwenye jiko la mkaa, tusianze kutafuta ugonjwa wake. Kwanza tuwatoe watu nje.

Hali kadhalika, vikaango vyenye utando usioshika chakula, vikiachwa motoni bila kitu ndani hadi vikapata joto la kupita kiasi, hutoa mvuke uwezao kuua ndege. Tundu lisiwekwe jikoni.

2. Metali zenye sumu

Waya mwingi wa matundu hupakwa zinki ili usipate kutu, na rangi nyingine, hasa za zamani, zina risasi. Ndege hana meno. Hudonoa kila kitu kwa mdomo. Vipande vya metali vikifika tumboni husagwa na firigisi, na asidi huviyeyusha, sumu ikaingia katika damu. Waya mpya usuguliwe kwa brashi na siki, kisha usuuzwe kwa maji mengi. Rangi inayobanduka iondolewe kabla ndege hajaingizwa.

3. Chakula chenye kuvu

Songwe ni mkoa wa mahindi. Mahindi au karanga zisizokauka vema huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu, ambayo hudhuru ini. Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Watu wengi huchambua nafaka mbovu na kuwatupia ndege. Desturi hii ni mbaya, kwa kuwa sumukuvu haiishi kwa kupikwa, na yaweza kumrudia mlaji kupitia mayai na nyama.

4. Joto na maadui

Ndege hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema. Tundu lililo juani mchana kutwa laweza kumuua. Sehemu ya tundu iwe na kivuli wakati wote, na maji safi yasikosekane. Nafasi kati ya waya na waya iwe ndogo kuliko kichwa cha ndege, asije akanasa. Tundu liinuliwe kutoka chini, na miguu yake isimamishwe katika makopo ya maji yaliyotiwa mafuta kidogo. Siafu wakiingia usiku, ndege aliyefungiwa hana pa kwenda.

Msomaji akumbuke pia kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata ndege wa porini bila kibali.

Zoezi

(a) Weka kipimajoto ndani ya tundu tupu, kwanza kivulini, kisha juani. Andika joto kila baada ya dakika 10 kwa saa moja, halafu chora grafu.

(b) Eleza kwa nini muundo wa mapafu ya ndege ni faida angani lakini ni hasara tunduni.

(c) Kati ya hatari hizi nne, zipi zamhusu pia mtu anayelala katika nyumba hiyo hiyo? Toa sababu.