SOMO: MAISHA YA CHOMBONI WAKATI WA DHORUBA

Sisi tukaao Tunduma twaona kila siku malori yaletayo shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, walakini wengi wetu hatujaiona bahari yenyewe. Kwa hiyo tulipokuwa tukisoma Matendo ya Mitume mlango wa 27, mama mmoja akauliza swali la haki: Merikebu ilipakia ngano, mbona watu walikaa siku 14 bila kula? Je, walikuwa wakifunga? Siku ile hatukumjibu vema. Basi na tutazame maisha ya chomboni, si katika merikebu kubwa kama ile iliyochukua watu 276, bali katika jahazi dogo la bahari yetu wenyewe.

Jahazi huenda kwa upepo. Kaskazi, ianzayo kuvuma karibu na Novemba au Desemba, zamani ilileta vyombo vya tanga toka Arabuni, kusi ikavirudisha. Jiko la chomboni ni sanduku lenye mchanga, nalo huwekwa juu ya sitaha. Bahari ikichafuka, wimbi moja huzima moto, wala hapana mpishi awezaye kushika chungu kisimwagike. Watu hula tende na mkate mkavu, kama vipo. Na wengi hawali kabisa, maana tumbo halipokei kitu. Ngano i tele chini yao, lakini nani ataisaga, na kwa moto gani ataipika? Twadhani ndivyo ilivyowapata wale wenzake Paulo. Hulala juu ya shehena, nguo zimelowa. Na choo ni kisanduku kilichotundikwa nje ya tezi, juu ya maji; aendaye huko usiku wa dhoruba hujishika sana.

Lakini hatari kubwa haionekani kwa macho. Katikati ya mbao hutiwa kalafati, yaani pamba yenye mafuta, kuzuia maji. Mawimbi yakikipinda chombo, mbao huachana kidogo kidogo na pamba hutoka. Maji hujikusanya ngamani, chini kabisa. Hapo chombo huwa kizito, hakiinuki upesi juu ya wimbi, na wimbi la pili hupita juu yake. Ndiyo sababu mabaharia wa Paulo walipitisha kamba chini ya merikebu wakaikaza, kisha wakatupa shehena. Katika jahazi watu huteka maji ya ngama kwa zamu, usiku na mchana, wala abiria hasemi kwamba amelipa nauli.

Hayo yalimpata Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Mwezi wa Novemba 1843 aliondoka Aden pamoja na mkewe Rosine, katika chombo cha Waarabu, kwenda Unguja. Upepo mkali ukawapata, chombo kikavuja, maji yakazidi. Wakageuza kurudi Aden. Kugeuza nako si jambo jepesi, kwa kuwa foromali na tanga lake hupitishwa mbele ya mlingoti, na upepo ukilinasa tanga upande usio wake, mlingoti waweza kuvunjika. Chombo kingine kikawapokea. Nao walipokwisha kuhama, kile cha kwanza kikapinduka.

Wako wasemao kwamba mwenye imani harudi nyuma. Sisi hatukubali. Nahodha aonaye ngama imejaa, naye asigeuze, anawaua watu aliopewa kuwachunga. Wala Krapf hakuacha safari kwa sababu ya kurudi. Mwezi uo huo walipanda chombo cha pili, wakafika Unguja Januari 1844. Twamfikiri hasa Rosine: alikwisha kuona maji yakipanda, akajua sasa mbao ni nini na pamba ni nini, naye akaingia tena chomboni.

Julai 1844 Rosine alikufa kwa homa huko Mombasa, na mtoto wake mchanga akamfuata. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf alibaki pale akikusanya maneno ya Kiswahili. Kamusi yake ilipigwa chapa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na ndani yake maneno ya mabaharia ni mengi.