Mkuku wa Chombo na Ulinzi Wake

Manyovu iko juu katika vilima vya Buha, karibu na mpaka wa Burundi, na mtoto aliyezaliwa huko aweza kufika umri wa kuoa asiguse chombo cha majini hata mara moja. Walakini dagaa wachemshwao jikoni kwao hutoka Ziwa Tanganyika, na kabla ya kupanda vilima walipanda kwanza chombo cha mbao. Wavuvi huwatafuta usiku kwa taa, mbali na pwani, juu ya maji yenye kina kikubwa. Mahali penye kina kupita pote katika ziwa hilo, maji yapita mita 1,400 kwenda chini, wala hapana ziwa jingine duniani lenye kina zaidi ila Baikal, lililo Urusi. Kati ya mvuvi na maji hayo yote pana ubao tu, ambao unene wake hupimwa kwa vidole.

Mbao za chombo hazisimami zenyewe. Zimeshikwa na mataruma, yaani mbavu za chombo, na mataruma nayo yameshikwa na mti mmoja mrefu ulalao chini kabisa, kutoka omo hata tezi. Mti huo ndio mkuku. Ukivunjika taruma moja, fundi atatia jingine kwa siku moja au mbili. Ukivunjika mkuku, chombo hakina budi kufumuliwa. Mtumbwi wa gogo moja hauna mkuku. Tumbo lake ndilo mkuku wake. Kwa hiyo yote yasemwayo hapa juu ya mkuku yafaa kwa tumbo la mtumbwi pia, tena zaidi, maana gogo likilika likawa jembamba halina ubao wa kubadili.

Adui wa kwanza wa mkuku ni mchanga. Mtu wa Manyovu hatashangaa akisikia haya, kwa sababu amekwisha kuona jembe. Jembe jipya ni pana. Baada ya miaka michache ya kulimia maharagwe na mahindi limekuwa dogo, na mwisho halifai ila kuchokolea viazi. Hakuna aliyelikata. Udongo umelila. Ikiwa chuma kilika hivyo kwa udongo, mti je? Punje za mchanga ni mawe madogo yaliyo magumu kupita mti wo wote, na mkuku ukiburutwa juu yake hukwaruzwa kama mbao ikwaruzwavyo na fundi kwa jani la msasa. Mkwaruzo mmoja hauonekani. Lakini mvuvi hushusha chombo jioni na kukipandisha asubuhi, mara mbili kila siku, na mwaka una siku nyingi.

Katika jambo hili watu wa ziwani wana taabu ambayo wenzao wa Mrima na Unguja hawana. Bahari hupwa na kujaa. Nahodha wa jahazi huko akitaka kutazama chini ya chombo chake, hungoja maji yajae, hukileta mahali pa mchanga penye magogo ya kukiegemeza, kisha hukaa akangoja. Maji yenyewe humwondokea, na chombo hubaki pakavu pasipo kuvutwa na mtu. Hapo mabaharia hukisugua na kukipaka deheni, ambayo ni mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Na maji yakirudi hukiinua tena. Ziwa Tanganyika halipwi hivyo. Maji yake huongezeka na kupungua kwa majira na kwa miaka, wala si kwa saa. Wadudu wale hawako katika maji yake matamu, na hiyo ni baraka kubwa, lakini chombo sharti kivutwe kwa mikono, na kila kikivutwa mkuku hulipa.

Madhara yake yajulikane kwa mfano huu. Nahodha mmoja ana chombo kizuri cha mbao za mninga, kilichopakwa rangi juu, na jina limeandikwa ubavuni. Chini hakutazama tangu mvua za mwaka jana. Akapakia magunia ya mahindi na mapipa mawili ya mawese, akashika njia kando ya pwani, katika mwezi wa Julai, wakati pepo za kusini zivumapo kwa nguvu juu ya ziwa. Katikati ya safari mwana wa ndugu yake, aliyepewa kazi ya kufua maji, akasema, "Baba mkubwa, nafua wala hayapungui."

"Fua, mwanangu, usiseme."

Alisema hivyo kwa kuwa alikwisha kujua. Mkuku ulikuwa umelika hata vichwa vya misumari ya ubao wa kwanza vikatokeza nje, na jiwe moja walilogusa wakati wa kushusha liliving'oa. Kila wimbi liliponyanyua chombo, ubao ule ulipumua, ukafunguka na kufumba, na maji yakaingia mahali ambapo hapana mkono uwezao kufika, chini ya shehena. Wakatupa magunia. Moja lilikuwa la mtu wa Manyovu aliyeyapeleka mahindi yake bondeni ili apate ada ya shule ya watoto wawili. Walifika nchi kavu wote wazima, na mapipa ya mawese yakafika pia. Lakini gunia lililozama halina wa kulirudisha, na yule mwenye mahindi hakuwa na kosa lo lote katika habari hiyo.

Dawa yake ni nyepesi, na mafundi wa vyombo huijua tangu zamani. Chini ya mkuku hupigiliwa ubao mwingine mwembamba, wenye upana ule ule, kutoka omo hata tezi. Kazi yake ni kulika. Ni kama kiatu: soli huisha, mguu hubaki. Fundi mwema huchagua mti mgumu wenye nyuzi zilizonyoka, huuweka nyuzi zake zielekee omo na tezi ili mchanga usiuchane, na mahali pa kuungia vipande viwili hukata kwa mshazari, ncha ya chini ielekee tezi, ili jiwe lisipate pa kushika chombo kikivutwa mbele. Vichwa vya misumari huvizamisha ndani ya mti. Tena hutumia misumari mifupi. Mwanafunzi wa fundi huweza kudhani kwamba mirefu ni bora, kwa kuwa yashika zaidi, lakini sivyo. Chombo kikipanda mwamba kwa kishindo, inafaa ubao ule wa chini ung'oke peke yake uende zake, na mkuku usalimike. Ukishikwa kwa misumari mirefu, utakapong'oka utachukua na nyama ya mkuku.

Wengine hupigilia ukanda wa chuma. Chuma hudumu kuliko mti, na kwa pwani yenye mawe kinafaa sana hasa mbele, mahali ambapo mkuku hugusa nchi kwanza. Lakini kina mambo mawili. La kwanza, kutu: maji yakikaa kati ya chuma na mti, mti huoza pasipo kuonekana, kwa hiyo ni lazima kupaka lami au rangi nzito kabla ya kukibandika. La pili ni kuchanganya madini. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao iitwayo Alarm kwa mabamba ya shaba chini yote, ili kuzuia wadudu na magugu ya baharini. Baada ya miaka miwili wakaitazama, wakaona mabamba mengine yamebanduka, kwa kuwa misumari ya chuma iliyagusa ile shaba katika maji ya chumvi, ikaliwa upesi sana. Mahali pachache misumari ilikuwa mizima. Walipochunguza wakakuta karatasi ya kaki, iliyokuwa imefungia mabamba yalipoletwa, haikuondolewa hapo, ikakaa kati ya shaba na chuma. Karatasi tu! Maji matamu ya Tanganyika hayali chuma kwa haraka namna ile, lakini fundi asiweke msumari wa shaba katika ukanda wa chuma kwa sababu tu ndio uliobaki mfukoni.

Hata hivyo ubao na chuma haviwezi kumlinda mtu mvivu. Chombo kipunguzwe shehena majini kabla ya kuvutwa. Watu washuke maji yakiwa magotini, wala wasikiache kiparamie pwani kwa mwendo wa tanga. Magogo ya mviringo yatandazwe njiani, na pasipo magogo, vigogo vya mgomba hufaa kwa utelezi wao. Lililo baya kupita yote ni kukiacha chombo nusu majini na nusu nchi kavu usiku kucha, maana kila wimbi hukiinua kidogo na kukitupa, na hata alfajiri mkuku umepigwa mara elfu.

Chombo kikiisha kupanda, kiegemezwe juu ya vipande vya magogo mahali pengi, mbele, katikati na nyuma. Kikishikwa ncha mbili tu, mkuku hulegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na mbao hufunguka hata kama hakuna jiwe lililogusa. Kisha fundi hulala chali chini yake na kisu. Hudunga mti taratibu kutoka omo mpaka tezi: mahali pagumu kisu hukataa, mahali palipooza huingia kama katika muhogo uliochemshwa. Hupapasa kwa vidole kutafuta vichwa vya misumari. Akivikuta vimetokeza, ubao wa chini umekwisha kazi yake, na chombo kisirudi majini kabla haujabadilishwa, hata kama dagaa ni wengi usiku ule.

Mwaka 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walileta Ziwa Tanganyika mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, za mbao, zenye urefu wa mita 12 hivi. Zilishuka melini Afrika ya Kusini, zikapanda gari la moshi, na reli ilipokwisha katika Kongo zikavutwa kwa magari ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Katika njia ile ya mawe mikuku yake haikugusa ardhi, kwa kuwa kila mashua ililazwa juu ya kitanda cha mbao chenye magurudumu. Katika mto Lualaba maji yalikuwa haba, zikafungiwa mapipa matupu ili ziinuke zisikwaruze chini. Zilifika ziwani mwezi wa Oktoba. Zikashushwa majini mwezi wa Desemba, na tarehe 26 ya mwezi ule ule zikaiteka meli ya Wadachi iitwayo Kingani.

Maswali

1. Kwa nini chombo cha ziwani huburutwa mara nyingi kuliko chombo cha baharini?

2. Kwa nini ubao wa chini ya mkuku hupigiliwa kwa misumari mifupi?

3. Karatasi ya kaki ilifanya kazi gani katika manowari Alarm?

4. Pima upana wa jembe la zamani la nyumbani kwenu na wa jembe jipya. Limelika kiasi gani, na katika miaka mingapi?