Picha ya Mfupa na Lugha ya Kuieleza: Saratani ya Tezi Dume Iliyosambaa, kwa Kurejelea Garissa

Mjadala kuhusu istilahi za tiba katika Kiswahili mara nyingi hukomea kwenye nomino: eksirei, skani, tezi dume. Makala haya yanashikilia kwamba ugumu mkubwa zaidi umo katika vitenzi na maneno ya rangi ambayo mgonjwa huelezwa kwayo kilichoonekana pichani. Mfano uliochaguliwa ni saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika mifupani, na mahali ni Garissa, ambako Kiswahili aghalabu si lugha ya kwanza ya mgonjwa. Daktari aliyetoka sehemu nyingine ya nchi husema kwa Kiswahili, kijana wa ukoo akamfasiria mzee kwa Kisomali. Neno likipotoka mwanzoni, hufika kwa mwenye ugonjwa likiwa limepotoka maradufu.

Saratani hii inaposambaa hupendelea uti wa mgongo, nyonga, mbavu na sehemu ya juu ya paja. Tofauti na saratani nyingi zinazoula mfupa, hii kwa kawaida huuchochea mfupa ujijenge ovyo. Hivyo basi, katika eksirei, sehemu iliyoathirika huonekana nyeupe kuliko jirani zake. Rangi huanza kudanganya hapo. Kwa Waswahili moyo mweupe ni moyo usio na kinyongo. Anayeambiwa kwamba mfupa wake "umekuwa mweupe zaidi" ana kila sababu ya kumshukuru Mungu, ilhali mfupa huo ni mzito lakini dhaifu na waweza kuvunjika.

Katika skani ya mifupa mambo hugeuka. Mgonjwa hudungwa dawa yenye teknesiamu, kisha baada ya saa 2 hadi 4 hupigwa picha ya mwili mzima. Sehemu zilizoathirika hutokea kama madoa meusi, nao wataalamu husema "zinawaka". Jambo la kuzingatia ni kwamba skani hii haioni saratani. Huona mfupa unaojijenga. Mfupa uliovunjika zamani au viungo vyenye baridi yabisi navyo huwaka. Kwa hiyo kauli "saratani imeonekana" ni hukumu ya msomaji wa picha. Kauli aminifu ni "mfupa unajijenga hapa, nasi tunatafuta sababu".

Tofauti hii si ya kinahau tu. Tiba mpya inapofaulu, mfupa unaopona nao hujijenga, na katika miezi mitatu hivi ya kwanza madoa huweza kuongezeka huku mgonjwa akipata nafuu. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya tiba wa mwaka 2008 ulidai madoa mapya yasiyopungua mawili, na yakitokea katika skani ya kwanza baada ya tiba, yathibitishwe kwa mengine mawili katika skani inayofuata. Mzee aliyeambiwa tu kwamba "madoa yameongezeka" huenda akaacha dawa inayomfaa. Ajabu ni kwamba kinyume chake kipo: mifupa yote ikiathirika kwa kiwango kimoja, picha huweza kuonekana safi, isipokuwa figo hufifia.

Skani ya PET inayolenga protini ya PSMA hubadilisha kitenzi. Hiyo hutafuta seli zenyewe, na hapo "imeonekana" hukaribia ukweli zaidi. Lakini galiamu inayotumika hupungukiwa na nusu ya nguvu zake kila baada ya dakika 68 hivi. Haisafirishwi kwa gari hadi Garissa. Garissa, kama Mombasa na Nakuru, ilipewa kituo cha saratani cha kanda ili wagonjwa wapate tiba ya mionzi karibu. Kwa PET, hata hivyo, safari ni ya Nairobi, takribani kilomita 370, na nauli yake pengine ni mbuzi kadhaa.

Yapo maneno ambayo hutoka kwa mgonjwa, na hayo ndiyo hupuuzwa zaidi. Mwenye saratani hii akisema miguu imekufa ganzi au imelegea, au mkojo umekataa kutoka, mfasiri asiyageuze kuwa uchovu wa uzee. Huenda uvimbe unaubana uti wa mgongo, na picha ya MRI huhitajika siku hiyohiyo, kabla miguu haijapooza moja kwa moja.