Mwalimu wa Watoto Wadogo: Kazi, Ngazi Zake na Milango Yake



Ndugu wanafunzi na wazazi wapendwa, kila mwaka mtihani wa kidato cha nne unapokaribia vijana wetu huulizwa watakuwa nani. Majibu tunayajua: daktari, mhandisi, mhasibu, askari. Ni mara chache sana kumsikia binti au kijana wa Kasulu akisema nataka kuwa mwalimu wa awali. Na akithubutu kusema, nyumbani huulizwa, "Kwani kuchezesha watoto nako kunasomewa?"

Somo hili ni jibu la swali hilo. Kunasomewa. Kazi hii ina vyuo, ina ngazi, kila ngazi ina mshahara wake, na ina milango ambayo humfungia mtu aliyefundisha miaka mingi bila kuchukua cheti.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ambayo siku hizi huitwa kwa kifupi MMMAM, humhusu mtoto tangu mimba mpaka miaka minane. Serikali ilizindua programu ya taifa ya jambo hili Desemba 2021. Ndani ya umri huo mna mwaka mmoja wa darasa la awali kabla ya darasa la kwanza, ambao Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya kuwa wa lazima. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, darasa la awali lilikuwa miongoni mwa madarasa ya mwanzo kuupokea. Kwa hiyo kila shule ya msingi, ya Kibondo au ya Kasulu, inatakiwa kuwa na darasa la awali, na darasa hilo linahitaji mwalimu wake.

Sasa tuone kwa nini kazi hii ni ujuzi, si kuchezesha tu. Mchukue mtoto wa miaka mitano wa Heru Juu au wa Mabamba. Tangu azaliwe amesikia Kiha. Asubuhi bibi yake humwambia "mwakeye", na mnyama anayepita njiani anamjua kwa jina la inka. Siku ya kwanza shuleni anaambiwa aseme shikamoo, na picha ya mnyama yule yule inaitwa ng'ombe. Mtoto ananyamaza. Mtu asiyesomea kazi hii atasema mtoto huyu ni mzito, atamweka nyuma, na mtoto atakubali kuwa yeye ni mzito. Aliyesomea anajua kuwa mtoto huyu ana maneno mengi sana kichwani, ila ni ya lugha nyingine. Ataanza na kitu chenyewe mkononi: jani, jiwe, punje ya maharage. Atalitaja kwa Kiha, kisha kwa Kiswahili, ataliimbisha, atawahesabisha watoto kwa punje hizo hizo, na baada ya majuma kadhaa yule mnyamavu ndiye anayewasahihisha wenzake.

Jambo hili halikutungwa hapa ili kuwasifu Waha. Mradi wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014 na kuihusisha Kigoma, ulianzisha vijijini mafunzo ya muda mfupi ya kumwandaa mtoto kuanza shule, na walioyaendesha walikuwa watu wa vijiji hivyo hivyo. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya lugha: watoto ambao nyumbani hawazungumzi Kiswahili walikuwa wakiachwa nyuma tangu darasa la kwanza. Hapa ndipo mwenyeji ana mtaji ambao mwalimu aliyepangiwa kutoka mbali inambidi autafute kwa miaka. Ukijua Kiha na Kiswahili vizuri, tayari una nusu ya chombo cha kazi.

Mtaji wa pili mnao nyinyi wanafunzi wa madrasa, na wengi wenu hamjautambua. Katika madrasa nyingi ustadhi hawezi peke yake kuwasomesha watoto wote. Wakubwa hukabidhiwa wadogo, wakawasomesha alifu, bee, tee, wakawatawadhisha, wakawatuliza wanaolia. Binti aliyefanya hivyo kwa miaka mitatu ameshika darasa kabla hajaona mlango wa chuo.

Je, mtaji huo umewahi kugeuzwa kuwa taaluma? Umewahi, tena kwenye madrasa zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wanabaki nyuma shuleni, wakamwomba Aga Khan msaada. Hawakutaka watoto wapate shule kwa kupoteza dini na mila zao. Walitaka vyote viwili. Kazi ikaanzia Mombasa, na mwalimu aliyeiongoza tangu mwanzo alikuwa Bi Swafiya Said. Hakwenda kutafuta walimu wenye shahada. Alipita mitaani akazungumza na wazazi na kamati za misikiti, akachukua wanawake wa maeneo yale yale, wengi wao wakiwa na elimu ya sekondari au pungufu yake, akawafundisha kazi wakiwa kazini. Vifaa vilikuwa vifuu, vizibo vya chupa, kokoto, vitambaa na magunzi. Nyimbo na hadithi zilikuwa za Waswahili, na adabu za Kiislamu zilikuwa ndani ya siku nzima ya mtoto. Zanzibar walipata kituo chao mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Msomaji aangalie vizuri namna wanawake wale walivyokua. Aliyeanza kama mwalimu wa darasa moja la mtaani alitembelewa na mkufunzi, akaonyeshwa, akasahihishwa, akatembelewa tena, kwa muda wa miaka miwili hivi. Baadhi yao wakawa wakufunzi wa wenzao. Utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliosoma shule za awali za aina yoyote walisonga mbele kuliko waliobaki nyumbani, na wa madrasa hizi walisonga zaidi. Wanawake ambao mitaani kwao walionekana wa kuchezesha watoto walikuwa wamefanya kazi inayopimika.

Turudi kwetu. Mtu wa Kasulu au Kibondo anayetaka kazi hii atakuta milango miwili, na wengi huichanganya. Mlango wa kwanza ni wa elimu: darasa la awali lililo ndani ya shule, la serikali au la binafsi, ambalo mwalimu wake hutoka chuo cha ualimu. Mlango wa pili ni wa ustawi wa jamii: vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ambavyo chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 husajiliwa kupitia ustawi wa jamii, na mtumishi wake huitwa mlezi. Cheti cha ulezi si cheti cha ualimu. Kabla hujalipa ada ya chuo chochote, uliza cheti chake kinafungua mlango upi, tena uliza kama chuo kimesajiliwa. Kuna vijana wamesoma mwaka mzima mahali pasipotambuliwa na wakarudi nyumbani na picha za mahafali tu.

Kwa mlango wa ualimu hatuna haja ya kwenda mbali sana kuona chuo kilivyo. Wilayani Kasulu kuna vyuo viwili vya serikali, Chuo cha Ualimu Kasulu na Chuo cha Ualimu Kabanga. Kozi zinazotolewa na kila chuo hubadilika, hivyo tangazo la Wizara la mwaka husika ndilo la kufuata. Huenda chuo cha jirani hakina kozi ya awali mwaka huo, nawe ukapangiwa mkoa mwingine. Kwa miaka mingi ngazi ya chini ilikuwa astashahada, ikifuatiwa na stashahada, kisha shahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina shahada ya elimu ya awali. Katika matangazo ya miaka iliyopita waliotakiwa kwa astashahada walikuwa wenye daraja la kwanza hadi la tatu la kidato cha nne. Aliyepata la nne asichome vitabu: anaweza kurudia masomo yake kama mtahiniwa wa kujitegemea, na huku akisaidia darasa la wadogo. Mwaka mmoja wa kurudia ni bora kuliko miaka kumi ya kuitwa msaidizi.

Kwa nini nasisitiza karatasi? Kwa sababu katika utumishi wa serikali mshahara hufuata ngazi. Mwalimu mwenye astashahada huanzia TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Hakuna anayepewa C kwa sababu watoto wanampenda. Aidha, ajira siku hizi haiji yenyewe baada ya chuo kama ilivyokuwa zamani; huombwa kwa mtandao, na waombaji hufanyiwa usaili. Ukishaajiriwa ukataka kwenda kusoma zaidi, pata kwanza ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Aliyesoma bila ruhusa huweza kumaliza na kuhangaika muda mrefu kabla cheti chake kipya hakijamwinua.

Lipo na jambo la miradi, ambalo watu wa Kibondo na Kasulu wanalijua kuliko watu wa mikoa mingi. Tangu miaka ya 1990 kambi za wakimbizi zimeleta mashirika mengi, nayo yameajiri vijana wetu, wengine katika kazi za watoto. Ni kazi nzuri na hufunza mengi. Lakini mradi huondoka. Kambi ya Mtendeli, Kakonko, ilifungwa mwaka 2021, na kambi inapofungwa ajira zake huondoka nayo. Aliyetumia mshahara wa mradi kujisomesha astashahada alibaki na kitu mkononi. Ukipata kazi ya namna hiyo, furahi, na mwezi huo huo anza kuweka ada.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ugumu. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na idadi halisi katika shule nyingi huzidi hapo kwa mbali. Kwenye kituo cha binafsi, mshahara wako ni ada za wazazi, na mzazi wa huku hulipa maharage yakishauzwa. Kuna miezi ambayo mwenye kituo hana cha kukupa. Anayetaka kufungua kituo chake mwenyewe ahesabu miezi hiyo kabla ya kuhesabu viti. Aanze kwa kumwona afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ili ajue masharti ya jengo, vyoo, maji na walezi.

Neno kwa wavulana. Kazi hii imeachiwa wanawake, na sioni sababu. Luqman, ambaye wosia wake kwa mwanawe umetajwa ndani ya Qur'ani, alikuwa baba. Mtoto mwenye baba anayeshinda safarini au shambani hufaidika kumwona mwanamume anayemfunga kamba za viatu kwa upole.

Na neno kwa wazazi. Binti anaposema anataka kusomea elimu ya awali, msimwambie asubiri apate kazi ya maana. Mwulizeni amepata daraja gani, tangazo la vyuo linatoka lini, na nauli ya kwenda kuulizia ni shilingi ngapi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI NA NYUMBANI

1. Eleza tofauti ya mwalimu wa darasa la awali na mlezi wa kituo cha mchana. Ni ofisi gani ya halmashauri inayohusika na kila mmoja?

2. Taja vitu kumi vinavyopatikana bure kijijini kwako vinavyoweza kumfundisha mtoto kuhesabu. Andika jina la kila kimoja kwa Kiha na kwa Kiswahili.

3. Wanawake wa Mombasa walifundishwa wakiwa kazini na kutembelewa na mkufunzi kwa muda mrefu. Ni nani angeweza kufanya kazi ya mkufunzi huyo katika madrasa yetu?

4. Mwenzako amepata daraja la nne na anasaidia darasa la wadogo bila malipo. Mwandikie barua fupi ya kumshauri hatua za mwaka ujao, mwezi kwa mwezi, pamoja na gharama zake.