Mwanga Unaotambulisha Sura: Somo Kuhusu Taa za LED Katika Mitaa ya Kampala

Katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni kazi ya fundi umeme wala si ya polisi, nalo ni balbu iwakayo nje ya nyumba. Mwananchi afikapo kituoni kueleza kwamba amenyang'anywa simu au mkoba usiku, miongoni mwa maswali ya mwanzo tunayomwuliza ni hili: ulimwona kwa mwanga gani? Mara nyingi jibu huwa fupi: "Kulikuwa na giza, afande." Hapo upelelezi huanza na mguu mmoja.

Swali hilo hatuliulizi kwa desturi tu. Mahakama zetu huliuliza pia, tena kwa ukali zaidi. Katika kesi ya Nabulere, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uganda mwaka 1979 na ambayo mawakili huitaja hadi leo, majaji walieleza namna ya kuupima ushahidi wa utambuzi, yaani pale shahidi asemapo, "Ndiye huyu niliyemwona." Walitaka yaangaliwe muda ambao shahidi alimtazama mshukiwa, umbali uliokuwa kati yao, hali ya mwanga, na kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla ya siku ile. Mazingira yakiwa mabaya, hatari ya kumkosea mtu huwa kubwa, na hakimu hupaswa kujihadhari. Twaomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa maana lina pande mbili. Giza humwachia mhalifu aende zake. Lakini giza hilohilo laweza kumtia gerezani kijana asiye na hatia, aliyefanana tu kimo na mwizi. Kwetu sisi tunaopeleka majalada mahakamani, la pili ni zito kuliko la kwanza.

Basi si kila mwanga utambulishao. Taa za zamani za barabarani, zile za sodiamu zenye rangi ya machungwa, huangaza sana lakini huziua rangi. Chini yake shati la buluu huonekana jeusi, na jekundu huwa kama la udongo. Shahidi mkweli kabisa aweza kuapa kwamba mshukiwa alivaa nguo nyeusi, kumbe alivaa buluu. Wakili wa utetezi akalishika neno hilo na ushahidi wote ukayumba. Taa ya LED nyeupe huzionyesha rangi kwa uaminifu zaidi. Kamera za usalama zilizowekwa jijini tangu mwaka 2018 nazo hufaidika: picha iliyopigwa mahali penye mwanga mweupe hueleza rangi ya pikipiki, ya kofia na ya koti la mwendesha bodaboda, mambo ambayo picha ya gizani huyaficha.

Taa hizi hufanyaje kazi? Balbu ya kale hupitisha umeme katika uzi mwembamba hadi uzi huo uwake kwa moto. Sehemu kubwa ya nguvu hupotea kuwa joto, na ni kidogo tu hugeuka mwanga. Ndiyo sababu ukiigusa hukuunguza. LED haina uzi. Ni kipande kidogo cha madini maalumu ambacho hutoa mwanga umeme upitapo ndani yake. LED nyekundu ilikuwapo tangu mwaka 1962, lakini mwanga mweupe haukuwezekana hadi ilipopatikana LED ya buluu iliyo angavu. Wavumbuzi wake, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Sasa tuje kwenye mfuko, maana hapo ndipo giza la mitaani huanzia. Katika Bwaise, Katwe, Namuwongo na kwingineko, wananchi wengi huishi katika vyumba vya kupanga vilivyopangwa kwa mstari, vile tunavyoviita hapa muzigo. Mbele ya vyumba hivyo kuna ujia mmoja, bafu na choo viko mwisho wa ujia, na balbu ya nje ni mali ya kila mtu, yaani si mali ya mtu. Mwenye nyumba huizima saa nne usiku kwa sababu Yaka inaisha. Mama aamkaye saa tisa za usiku kumpeleka mtoto chooni hupita gizani, na wanaotaka kumdhuru mtu huijua ratiba hiyo kuliko sisi.

Hebu tupige hesabu. Hapa kwetu karibu na ikweta, usiku una saa 12 mwaka mzima. Balbu ya kale ya wati 60 ikiwaka saa 12 hutumia wati-saa 720 kwa usiku mmoja. Kwa siku 30 ni uniti 21.6. Tukichukua shilingi 800 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi, ni shilingi 17,280 kwa mwezi. LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na huo, nayo kwa muda uleule hutumia uniti 3.24, yaani shilingi 2,592. Tofauti ni shilingi 14,688 kila mwezi, kwa balbu moja. Wapangaji sita wakichangia, kila mmoja atatoa shilingi 432 ili ujia uwake kuanzia magharibi hadi alfajiri. Tena balbu ya kale huungua baada ya saa 1,000 hivi, wakati LED iliyo bora hudumu saa 15,000 na zaidi. Wenyeviti wa LC1 na viongozi wa Mayumba Kumi tunawaomba waifanye hesabu hii mbele ya wenye nyumba, kwa kalamu na karatasi. Tumeona kwamba tarakimu hushawishi kuliko hotuba.

Wapo wanaokumbuka kwamba taifa liliwahi kuifanya hesabu ya namna hii. Maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka miaka ya 2005 na 2006 na mgao wa umeme ukawa mkali, serikali iligawa kwa wananchi mamia ya maelfu ya balbu za mirija ili kupunguza mzigo wa jioni. Balbu zile zilifaa, ila zina zebaki ndani yake, na ikivunjika moja yapasa kufungua madirisha na kutozoa vipande kwa mikono mitupu. LED haina zebaki. Kwa nyumba zisizo na umeme, taa ndogo ya LED ya jua humwondolea mtu tadooba na mshumaa, vitu ambavyo wenzetu wa Zimamoto huvitaja kila wanapofundisha kuhusu moto wa usiku.

Hatutaki kuahidi kupita kiasi. Jijini New York, mwaka 2016, watafiti waliweka minara ya taa katika baadhi ya mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ukapungua kwa takriban asilimia 36. Lakini huko Chicago, mradi wa kuangaza vichochoro mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifuatiwa na ongezeko la makosa yaliyoripotiwa. Pengine kwa sababu watu waliweza kuona zaidi na kuripoti zaidi. Taa haimkamati mtu. Pasipo macho ya majirani na doria, mwanga huweza hata kumsaidia mwizi kuona kufuli analolivunja.

Kwa hiyo mahali pa kuiweka taa ni muhimu kama taa yenyewe. Wengi hununua taa kali wakaielekeza barabarani, usawa wa macho. Mpita njia hupofuka, na nyuma ya taa hubaki kivuli cheusi kinachotosha kumficha mtu mzima. Ipandishwe juu, ielekezwe chini, ifunike mlango na mita kadhaa za njia. Taa mbili za wastani zilizoachana ni bora kuliko moja kali.

Mnaponunua, epukeni balbu za bei ya karanga zisizo na jina. Nyingi hufifia kabla ya miezi kuisha. Tafuteni alama ya ubora ya UNBS na mdai risiti. Nyaya zifungwe na fundi mwenye kibali. Kamyufu wa mtaani atakayewaunganishia umeme wa wizi anawauzia shoti na mauti, na anayeunganishiwa huulizwa pamoja naye.

Limebaki la taa za barabarani. Mamlaka ya Jiji, KCCA, imesimika taa za LED za nguvu ya jua katika barabara kadhaa zilizojengwa upya, nazo zina kitu mwizi anachokipenda: betri. Nyaya za shaba nazo huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sheria ya Umeme ilirekebishwa mwaka 2022 na adhabu za uharibifu wa miundombinu zikaongezwa sana. Mkimwona mtu juu ya nguzo usiku, bila sare wala gari la kazi, msimpige wala msimfukuze. Pigeni 999, mtaje barabara, jengo lililo karibu, na namba ya pikipiki iliyomleta ikiwa mwanga unawaruhusu kuisoma.